Saa za Mtahiniwa: Walimu na Makarani wa Kakamega Baada ya Uhuru

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, wilaya ya Kakamega, kama wilaya nyingine za Kenya, ilitegemea sana walimu wa daraja la P3, yaani wale waliomaliza shule ya msingi kisha wakasomea ualimu kwa miaka miwili, na ambao wangeweza kupanda hadi P2 kwa kufaulu mtihani wa kidato cha pili. Kwa kuwa hawakuweza kuacha kazi ili warudi darasani, kitengo cha masomo ya posta kilichoanzishwa Kikuyu mnamo 1967, chini ya chuo kikuu kishiriki cha Nairobi, kiliwatumia vitabu na mazoezi ya kujaza na kurudisha ili yasahihishwe, huku Sauti ya Kenya ikitangaza vipindi vya kuandamana navyo.

Ugumu wa mpango huo ulikuwa muda. Likizo za Aprili na Agosti, ambazo mtu wa mbali angedhani ndizo nafasi ya kusoma, ziliangukia palizi na mavuno ya mahindi, na Agosti ilikuwa pia mwezi wa jando katika jamii kadhaa za Waluhya, ambapo mwalimu, akiwa mzazi na mtu wa kutegemewa kijijini, hakuweza kujifungia na vitabu. Likizo ya Desemba nayo ilifika mitihani ya taifa ikiwa imekwisha. Kwa hiyo muda wa kutegemewa ulikuwa ule mdogo wa siku za muhula, baada ya kusahihisha madaftari, kwa mwanga wa koroboi, na aliyekosa kipindi cha redio hakuwa na njia ya kukirudia. Mwalimu mwanamke, ambaye jioni ilimkuta jikoni, alibaki na muda mdogo zaidi, na kufaulu kwake kunastahili heshima ya pekee.

Makarani na wahasibu walipata utaratibu wenye nafuu kidogo. Bodi ya mitihani ya wahasibu na makatibu, iliyoundwa mnamo 1969 na kujulikana kama KASNEB, iligawa mitihani yake katika hatua, hata mtu mwenye ajira akaweza kuikabili kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Kwa kulinganisha, mtihani wa GMAT wa kujiunga na masomo ya juu ya biashara, ambao chimbuko lake ni shule za biashara za Marekani mnamo 1953, hufuata njia tofauti, kwa maana hupima hesabu, lugha na uwezo wa kufikiri katika kikao kimoja cha saa chache, na hivyo humlazimu mtahiniwa kuyaweka maandalizi yote tayari kwa siku moja.

Chuo cha WECO, kilichoanzishwa kwa harambee mjini Kakamega mnamo 1972, kilisogeza masomo ya juu karibu na walimu na makarani hao. Mnamo 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na mfanyakazi wa mjini akapata chuo kikuu kamili karibu na kazi yake.