Unyevu wa kupenya

Masika yanapokolea Pemba, mvua haishuki wima. Kusi huwa imeshaanza kuvuma, nayo huisukuma mvua ubavuni. Chokocho, kijiji cha pwani katika Wilaya ya Mkoani, kusini mwa kisiwa, ukuta unaoikabili kusi hupigwa kuliko kuta nyingine zote za nyumba. Upande wake wa ndani, baada ya mvua ya siku mbili tatu, hutokea baka. Rangi huvimba, ukiibonyeza kwa kidole inapasuka, na nyuma yake pana unga mweupe wa chumvi uliolowa. Mwenye nyumba husema nyumba inavuja. Fundi akiitwa huchukua ngazi, akapanda juu ya bati.

Kuvuja ni kwa paa, ndoo au mashua: pana tundu, maji yanapita, yanadondoka. Maji ya baka lile hayakutoka juu. Yameulowesha uso wa nje wa ukuta, yakanyonywa na vitundu vya tofali na nyufa ambazo jicho halizioni vizuri, yakasafiri ndani kwa ndani mpaka yakatokeza chumbani. Kosa hili linahitaji jina lake, nami napendekeza tuliite unyevu wa kupenya.

Nimechagua kupenya na si kupenyeza kwa sababu kupenyeza kunataka mtendaji. Mtu hupenyeza barua chini ya mlango, hupenyeza rupia. Maji hupenya yenyewe, mradi ukuta umeyapa njia. Umbo fupi kama unyevu penyezi, kwa mfano wa kitenzi elekezi, lingekaa vizuri katika orodha ya istilahi, lakini istilahi ya ujenzi lazima ieleweke na fundi aliyeshika mwiko bila kufafanuliwa. Lipo pia neno rutuba, ambalo kwa wazee wa pwani ni huohuo ubichi wa kitu, na ndiyo maana yake katika Kiarabu lilikotoka. Ningelitumia kwa moyo mweupe, ila leo msomaji wa bara akiambiwa ukuta una rutuba atafikiria mahindi.

Faida ya kusema kupenya ni kwamba neno linataja mwendo wa maji, na mwendo ndio unaotofautisha kosa hili na wenzake wawili. Unyevu wa kupanda hutoka ardhini. Ukuta hunyonya maji kwenye msingi, na alama yake huanza sakafuni ikaishia kwa kawaida chini ya kimo cha mita moja, ikiwa na mstari wa chumvi ulionyooka. Kiangazi hupungua lakini hauishi. Unyevu wa mvuke ni wa hewa ya chumbani: pumzi za watu, mvuke wa chungu, nguo zilizoanikwa ndani. Hewa hiyo ikigusa mahali palipopoa hugeuka matone, ndipo ukungu mweusi huota pembeni mwa chumba na nyuma ya kabati. Unyevu wa kupenya hauchagui kimo. Baka laweza kuwa kifuani mwa ukuta au chini ya dirisha, hukua mvua ikinyesha na kufifia jua likirudi, na mara nyingi huwa kwenye ukuta mmoja tu, ule wa upande wa upepo.

Ukiwa na shaka, kausha sehemu ya ukuta, bandika juu yake kipande cha nailoni, uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, uiache siku moja au mbili. Maji yakikusanyika nyuma ya nailoni, yametoka ukutani. Yakikaa mbele, upande wa chumba, yametoka hewani. Kisha toka nje usimame mkabala na baka, kwa kimo kilekile, uchunguze: ufa kwenye lipu, kiungo kati ya fremu ya dirisha na tofali, kizingiti kinachoinamia ndani badala ya nje, bati fupi lisilouvuka ukuta vya kutosha. Kama hakuna kinachoonekana, mwagia ukuta maji kipande kwa kipande, ukianzia chini kwenda juu, mtu mmoja akiangalia ndani. Ukianzia juu, maji yatateremka na hutajua yamepenya wapi.

Tiba iko nje. Rangi ya kuzuia maji ikipakwa ndani huficha baka kwa muda, huku ukuta ukibaki na maji yake. Kwanza refusha upenu, weka mfereji wa bati, ziba nyufa. Kizingiti cha dirisha kitokeze nje ya ukuta na kichongwe mchirizi kwa chini, ili tone likatike hapo lisirudi ukutani. Nyumba za zamani zenye paa la makuti linaloshuka chini juu ya baraza zilikuwa na kinga hii tayari. Bati lilipokuja tulilikata fupi tukapunguza gharama.

Jambo linaloniuma zaidi ni saruji juu ya kuta zisizoitaka. Pemba bado kuna nyumba nyingi za fito, mawe na udongo. Mwenye nyumba akipata fedha huikandika saruji kwa nje, kwa nia njema ya kuiimarisha. Lipu ya saruji ni ngumu, udongo ulio nyuma yake hutanuka na kusinyaa, kwa hiyo lipu hupasuka. Mvua hupenya ufani, na ikishaingia haipati pa kutokea. Udongo hulainika kimyakimya nyuma ya ngozi ngumu hadi ukuta utumbuke. Chokaa hupitisha mvuke, hivyo ukuta uliolowa hupumua ukakauka. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, hutumia chokaa kukarabati kuta za mawe ya matumbawe kwa sababu hiyohiyo. Nyumba ya matofali ya saruji ina adui mwingine, mchanga wa pwani usiooshwa: chumvi yake huvuta unyevu wa hewani hata siku isiyo na mvua.

Haya si mambo ya urembo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likihusisha hali hiyo na pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Mtoto anayelala kitanda kikiwa kimeegemea ukuta ule wa kusi ndiye anayeivuta hewa yake usiku kucha.

Baada ya kuziba njia ya maji, ukuta upewe muda. Kanuni ya mafundi ni kama mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo ukuta wa tofali la sentimita 15 uliolowa barabara unataka kiasi cha miezi sita. Kazi ya nje ikifanywa kaskazi, Desemba hadi Februari, ukuta utayakuta masika umekingwa lakini haujakauka wote. Sugua chumvi kwa brashi kavu kila inapotokeza, usiioshe kwa maji, na rangi ingoje hadi masika yaondoke. Wasioweza kungoja wapake chokaa nyembamba ya maji, ambayo haitauzuia ukuta kuendelea kukauka.