Stata ya Lori na Nyaya Zake

Motokaa za kwanza ziliwashwa kwa mkono. Mtu alisimama mbele ya injini, akatia hendeli, akaizungusha kwa nguvu. Na injini ilipojirudi ghafula, hendeli iliweza kumvunja mkono. Katika mwaka wa 1911 Charles Kettering wa Dayton, Marekani, alitengeneza stata ya umeme, nayo ikatiwa katika motokaa za Cadillac za mwaka wa 1912. Malori yalichelewa; mengi yaliendelea kuwa na hendeli miaka mingi baadaye. Katika Afrika ya Mashariki jina la taniboi, msaidizi wa dereva, limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuzungusha na kijana.

Stata ilileta elimu mpya ya nyaya. Waya mwembamba utokao katika swichi huamrisha tu. Waya mnene ndio uchukuao mzigo, toka betri hadi stata, na umeme hurudi kwa njia ya chuma cha gari. Malori mengi ya zamani yalikuwa na betri ya volti 6, ambayo kwa kazi ile ile hutaka mkondo mara mbili ya ule wa volti 12. Kwa hiyo fundi atiaye humo waya mwembamba wa volti 12 huona stata ikizunguka kivivu, akailaumu betri isiyo na kosa. Kutu katika viungo huleta udhaifu uo huo. Na waya uliochunika huweza kuliteketeza lori. Ndiyo sababu betri hufunguliwa kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine.

Hendeli ilidhuru mbele ya macho ya watu; waya hudhuru kwa siri.