Ng'ombe Aliyeacha Kutembea

Kiangazi kikizidi, Nairobi hupata wageni. Utawaona Mombasa Road, utawaona Lang'ata, wakati mwingine hata karibu na katikati ya jiji: kundi la ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika, vijana wawili watatu wenye fimbo, na nyuma yao foleni ya magari yanayopiga honi. Simu hutolewa, picha hupigwa, na mtandaoni gumzo huwa lile lile. Hawa watu wataacha lini kuhamahama? Si wafuge kisasa kama wengine?

Swali hilo lina historia, na historia yenyewe iko karibu kuliko tunavyodhani. Iko Kitengela, ukishapita tu Athi River, pale wengi wetu tulipokimbilia baada ya kodi za nyumba za Nairobi kutushinda.

Tuanze na jina. Kajiado limetokana na Olkejuado, yaani mto mrefu kwa Kimaa. Mto wenyewe upo, ila sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Ukiishi mahali ambapo hata mto mrefu hukauka, unajifunza jambo moja mapema: maji na nyasi havikai pamoja mwaka mzima, kwa hiyo lazima uvifuate. Mvua ikinyesha, mifugo ilienda uwandani, Athi na Kapiti, kwenye nyasi fupi zenye madini. Ukame ukija, ilirudi kwenye mito, vilima na chemchemi. Hata ugonjwa ulikuwa na ratiba yake. Nyumbu walipozaa uwandani, wafugaji waliwaondoa ng'ombe wao hapo, maana walijua kwamba ndama wa nyumbu huacha maradhi yanayoua ng'ombe. Sayansi ilikuja baadaye kuthibitisha kwamba ni virusi.

Kwa hiyo kutembea hakukuwa tabia ya watu waliokosa kwao. Ulikuwa ndio ukulima wenyewe. Na ukitaka kuelewa mabadiliko yote ya mifugo na mimea Kajiado kwa miaka mia moja na ushei, uliza kila mara swali moja: ni njia gani iliyofungwa safari hii?

Njia ya kwanza ilifungwa kwa karatasi. Miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, na ndui ikamaliza watu. Wamaasai walikuwa hawajainuka vizuri walipoletewa mkataba wa 1904, ambao Olonana, yule tunayemwita Lenana, alikuwa miongoni mwa waliouwekea alama. Malisho bora ya Bonde la Ufa, kule Naivasha na Nakuru, yakaenda kwa walowezi. Wamaasai wakagawanywa katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini. Mwaka wa 1911 ukaja mkataba wa pili: wa Laikipia nao wahamie kusini. Walipokwenda kortini mwaka wa 1913, kesi yao ilitupwa. Kusini huko ndiko Kajiado na Narok za leo.

Njia ya pili ilifungwa kwa ajili ya wanyama. Mwaka wa 1946 Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilianzishwa, ya kwanza nchini, juu ya ardhi ambayo ilikuwa malisho. Upande wa kusini uliachwa bila ua ili nyumbu na pundamilia wapite kwenda Kitengela msimu wa mvua na kurudi msimu wa kiangazi. Ona basi: wanyama pori waliruhusiwa kuendelea na ratiba ile ile ya zamani, ila ng'ombe wakakatazwa kuingia upande wa mbuga.

Wakati huo huo, biashara ya maziwa ilikuwa ya wengine. Kampuni ya KCC iliundwa mwaka wa 1925 na wakulima walowezi, na kwa muda mrefu Mwafrika hakuruhusiwa kwa urahisi kufuga ng'ombe wa gredi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipoanza kufungua mlango huo, ulilenga hasa sehemu zenye mvua za kutosha. Mmaasai alionekana kama muuza nyama, na hata huko karantini za mara kwa mara zilimzuia kuuza. Halafu maafisa wale wale wakalalamika kwamba ana ng'ombe wengi kupita kiasi.

Uhuru ulikuja na wazo jipya. Sheria ya mwaka wa 1968 iliruhusu jamii kusajili ardhi kwa pamoja kama ranchi za kikundi. Zilijengwa josho, zikachimbwa visima, mikopo ikatolewa. Fahali wa Sahiwal, aina iliyotoka Bara Hindi na kukuzwa katika kituo cha serikali cha Naivasha, wakaanza kuchanganywa na zebu wa kienyeji. Sahiwal ana mwili mkubwa na maziwa zaidi, na bado anastahimili jua na kutembea. Wafugaji wa Kajiado walimpenda. Hii tunaisahau tukisema kwamba Wamaasai hawapendi mabadiliko: walibadilisha ng'ombe wao bila kusukumwa sana, mradi ng'ombe mpya aweze kwenda wanakokwenda wao.

Ila ranchi ya kikundi ilikuwa na mpaka, na mvua haikuujua mpaka huo. Pia wanachama waliosajiliwa walikuwa karibu wote wanaume, wakuu wa familia. Ukopaji ulikuwa mgumu, vijana waliokua walitaka fungu lao, na wengi waliogopa kwamba wakubwa wangejimegea kwanza. Kufikia miaka ya 1980 kilio kilikuwa kimoja: tugawiwe. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka wa 1988, hekta zaidi ya elfu kumi na nane kwa wanachama zaidi ya 200. Kwa wastani ni kama ekari 200 kwa mtu.

Kwa anayetoka Kiambu, ekari 200 ni utajiri usioelezeka. Kwa ng'ombe katika nchi kavu, ekari 200 zisizo na mto ni chumba cha kungojea kiangazi. Mwaka wa 1990 ikaja sheria ya EPZ, viwanda vya nguo vikafunguliwa Athi River, na maelfu ya wafanyakazi wakatafuta pa kulala. Madalali wakafika Noonkopir, soko dogo ambalo ndilo lililokua likawa mji wa Kitengela. Sote tunajua hesabu ya ploti ya hamsini kwa mia: ni moja ya nane ya ekari. Kipande cha malisho kinazaa ploti nane, na ploti nane zinazaa karo, hospitali, pikipiki, wakati mwingine nyumba ya mawe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 mjini humo. Miaka kumi kabla walikuwa chini ya 60,000.

Aliyebaki na ekari chache afanye nini? Hapo ndipo tunapopata "ufugaji wa kisasa". Ng'ombe wa gredi, Friesian kwa mfano, akitunzwa vizuri hutoa lita kumi na tano na zaidi kwa siku, wakati zebu hutoa lita moja au mbili baada ya ndama kunyonya. Soko la maziwa lilikuwa limefunguliwa mwaka wa 1992, na wateja walikuwa wamehamia mlangoni: sisi wa kwenye fleti, wenye kuchota maziwa ya mashine kwa sarafu. Ila ng'ombe huyu hatembei. Nyasi hununuliwa kwa marobota, maji huletwa kwa lori au huvutwa kutoka chini ya ardhi, yakiwa mara nyingi na chumvi na floridi. Zamani ng'ombe alifuata chakula. Sasa chakula ndicho kinachomfuata ng'ombe, na kila kilomita ina bei yake.

Mimea nayo imepitia njia hiyo hiyo. Loitokitok na Ngong, kwenye mvua, kulilimwa zamani. Kule Kimana, chini ya Kilimanjaro, chemchemi zilizokuwa akiba ya kiangazi kwa mifugo na ndovu zikageuzwa kuwa mashamba ya nyanya na vitunguu. Isinya na Kitengela zikapata vivungulio, maua ya kupelekwa ng'ambo na nyanya za kupelekwa Nairobi. Kivungulio ni shamba lililoacha kungojea mvua, kama Friesian alivyo ng'ombe aliyeacha kutembea. Vyote viwili vinafanya kazi vizuri mradi una kisima na pesa za stima.

Kuna mtu ambaye hesabu hii humsahau. Katika boma la Kimaasai, maziwa yalikuwa ya mama. Yeye ndiye aliyekamua, akasafisha kibuyu kwa moshi wa mti wa oloirien, akaamua nani anywe nini, na kilichobaki akakiuza au akakigandisha. Hakuhitaji hati ya ardhi kwa hilo. Lakini ardhi ilipoandikwa kwa jina la mume, nyasi zilizomlisha ng'ombe wake zikawa kitu cha kuuzwa bila yeye kuulizwa. Sheria za ardhi za mwaka wa 2012 zilidai idhini ya mke au mume kabla ya kuuza ardhi ya ndoa. Kufikia hapo, Kitengela ilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya mauzo nyuma yake.

Wapo waliojaribu kuzuia ua. Kuanzia mwaka wa 2000 mpango mmoja ulilipa wenye ardhi Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua, wasiuze, waache nyumbu wapite. Familia nyingi zilijiunga, na pesa hizo zilitolewa wakati wa kulipa karo. Lakini linganisha dola 4 na bei ya ploti. Nyumbu waliohama uwandani walihesabiwa kwa makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970. Siku hizi wamebaki wachache mno.

Ukame wa 2009 ulipokuja, kisha ule wa 2020 hadi 2022, uliwakuta wafugaji katikati: wana mifugo ya kutembea na nchi isiyotembeka. Wenye ng'ombe wa gredi waliona bei ya nyasi ikipanda. Wenye zebu na Sahiwal walifanya kile kilichookoa babu zao, wakaondoka. Wakaikuta EPZ, wakaukuta ukuta wa kiwanda, wakakuta mitaa yetu yenye mageti.

Kwa hiyo ukiwaona tena Mombasa Road, kabla ya kutoa simu, tazama wanachokula. Ni zile nyasi za kando ya lami, kati ya mtaro na ukuta. Katika safari yote ya kutoka Kajiado, huo ndio ukanda uliobaki bila ua.