Barua kwa Jirani Ilipita Ng'ambo

Mfikiri mtu wa Kinshasa aliyeandika barua kwa jirani yake wa mtaa uleule. Akaipeleka posta. Posta ikaipeleka ng'ambo, kisha ikairudisha Kinshasa, ndipo jirani akaipata. Utasema: huo ni wazimu! Lakini ndivyo barua za intaneti zilivyosafiri katika mji ule kabla ya mwaka 2002. Kampuni mbili zilizouza intaneti Kinshasa hazikuwa na mahali pa kukutana. Ya kwanza ilipandisha ujumbe kwa setilaiti mpaka ng'ambo. Ya pili iliuteremsha kwa setilaiti yake. Setilaiti za namna hiyo zakaa juu yetu kilomita 36,000 hivi. Basi tupige hesabu: kupanda na kushuka mara mbili ni kilomita 144,000, na jibu lasafiri vilevile. Karibu sekunde nzima yapotea kwa kila swali na jibu lake, na safari hiyo yote ililipwa kwa fedha nyingi.

Je, jirani alikuwa mbali? Hapana. Yaliyokosekana ni mapatano, pamoja na mafundi wa kuyatekeleza. Tueleze basi jinsi mapatano ya intaneti yalivyozaliwa, na jinsi mafundi wa Afrika walivyokwenda kuyasoma.

Mwaka 1969, huko Marekani, vyuo vichache vilitaka kuunganisha kompyuta zao. Kazi ya kuandika kanuni ilianguka mikononi mwa wanafunzi. Mmoja wao, Steve Crocker, aliandika karatasi ya kwanza mwezi wa nne. Hakuiita sheria wala amri. Aliiita ombi la maoni, ili kila mwenye akili aseme neno lake. Desturi hiyo ilidumu, na karatasi za namna ile zimepita elfu nyingi. Kila mtu aweza kuzisoma bila kulipa hata senti moja.

Tarehe 29 mwezi wa kumi mwaka uleule, ujumbe wa kwanza ulitoka chuo kikuu cha Los Angeles kwenda Menlo Park. Neno lilikuwa na herufi tano. Herufi mbili zilifika, kisha kompyuta ya upande wa pili ikazimika. Kazi ikaanza upya, na usiku uleule neno zima likafika.

Mwaka 1974, Vinton Cerf na Robert Kahn walitoa maarifa makubwa zaidi: kanuni za kuunganisha mitandao isiyofanana. Maana yake ni hii. Ujumbe wakatwa vipande vidogo, kama kitabu kinachotumwa ukurasa mmoja mmoja, kila ukurasa katika bahasha yake. Kanuni ya kwanza, iitwayo IP, yaandika anwani juu ya bahasha na kuipitisha njia panda hata njia panda. Kanuni ya pili, iitwayo TCP, yahesabu kurasa, yazipanga, na kuomba tena ule uliopotea. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 1983, mtandao ule wa Marekani uliacha kanuni za zamani ukashika hizi mbili.

Lakini kanuni peke yake haimlindi mtu asiyeangalia. Mwezi wa kumi 1986, kule Berkeley, njia kati ya maabara na chuo kikuu ilisongamana. Mahali pale ni kama yadi 400 tu, lakini mwendo ulishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde mpaka 40. Kumbe kila kompyuta, ilipoona ukurasa umepotea, iliutuma tena kwa haraka, na msongamano ukazidi. Van Jacobson na mwenzake Michael Karels walichunguza jambo hilo, na mwaka 1988 walieleza dawa yake: kompyuta ianze polepole, na ikiona njia imejaa, ipunguze mwendo.

Mwaka uleule ilitoka kanuni nyingine, SNMP, kwa ajili ya usimamizi. Kwa kanuni hiyo fundi aweza kuuliza kila mashine ya mtandao wake: Umepitisha pakiti ngapi? Ngapi zimeharibika? Mlango gani umefungwa? Ni kama chifu mwema anayepita kila nyumba kuuliza hali, asingoje mpaka asikie kilio.

Maarifa hayo yalifikaje Afrika? Mwaka 1993, shirika liitwalo Internet Society lilifanya darasa la mafundi wa nchi zinazoendelea, katika chuo cha Stanford. Wengine wakafuata miaka iliyofuata. Tena mwaka 2000, Waafrika wenyewe, Nii Quaynor wa Ghana akiwa kati ya waongozi, walianza darasa lao, AfNOG, mjini Cape Town. Baadaye darasa lilihama nchi hata nchi: Kampala 2003, Nairobi 2006, Kigali 2010, Dar es Salaam 2011. Hapo mwanafunzi hakuketi kusikiliza tu. Alishika waya, akaandika anwani, akaunganisha mashine yake na ya mwenzake, akakosea, akatafuta kosa. Na wengine waliokuja kama wanafunzi walirudi kama walimu.

Matunda yalionekana. Nairobi walijenga kituo cha kukutanisha mitandao mwaka 2000. Kikafungwa upesi kwa mashindano ya haki ya biashara, kikafunguliwa tena 2002. Na mwaka uleule wa 2002 kampuni za Kinshasa zilipatana, wakajenga chao, kiitwacho KINIX. Sasa barua ya jirani ilipata njia ya kumfikia jirani bila kutoka mjini.

Twasema haya kwa sababu moja. Tumeona katika ofisi za kwetu kijana aitwaye fundi wa mtandao. Intaneti ikikatika, azima mashine na kuiwasha tena. Ikikataa, apigia simu watu wa mbali, na ofisi nzima yangoja siku mbili, tatu. Si mvivu, alifundishwa vifungo vya kubonyeza, hakufundishwa sababu. Mashine ikibadilishwa, elimu yake yaisha. Lakini aliyesoma kanuni atajiuliza kwa utaratibu: Waya wapitisha? Anwani ni sahihi? Njia yajulikana? Pakiti zapotea wapi?

Basi, wakubwa wa ofisi na wa shule, mnaponunua mashine, wekeni pia fedha ya kumsomesha mtu. Nanyi vijana, karatasi zile ziko wazi tangu 1969, na zilianzishwa na wanafunzi kama ninyi. Mkikosa kuzisoma, mtandao utakuwa nyumbani kwenu, lakini ufunguo wake utakaa ng'ambo.