Tahadhari za Vimbunga Pwani ya Tanzania: Zinavyoandaliwa na Zinavyopaswa Kuzingatiwa

Tarehe 25 Aprili, 2019, shule na ofisi mkoani Mtwara zilifungwa, na wakazi wa mabondeni na ufukweni wakatakiwa kuhamia sehemu za miinuko, kufuatia tahadhari ya Kimbunga Kenneth iliyotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Jioni ya siku hiyo kimbunga kilitua katika Jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako kiliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mtwara ilisalimika pasipo madhara makubwa.

Tangu wakati huo, swali moja limekuwa likijirudia miongoni mwa wananchi wa ukanda wa pwani kila tahadhari inapotangazwa: je, utabiri huo unaaminika kiasi gani? Jibu la swali hilo lina uzito, kwa kuwa mvuvi anayeacha kwenda baharini hupoteza kipato cha siku, na anayepuuza tahadhari huweza kupoteza maisha.

Kwa nini vimbunga ni nadra nchini

Kimbunga cha kitropiki huanzia juu ya bahari yenye maji ya joto na hupata nguvu kutokana na mvuke unaopanda. Katika Kusini Magharibi mwa Bahari ya Hindi, mfumo wa mgandamizo mdogo wa hewa hupewa jina pale kasi ya upepo wake inapofikia takribani kilomita 63 kwa saa, na huhesabiwa kuwa kimbunga kamili unapofikia takribani kilomita 118 kwa saa. Msimu wake kwa kawaida ni Novemba hadi Aprili, ingawa huweza kuvuka mipaka hiyo.

Karibu na mstari wa Ikweta, nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ambayo huufanya upepo uzunguke, ni dhaifu. Hiyo ndiyo sababu vimbunga vingi huelekea Madagaska na Msumbiji. Hata hivyo, nadra si sawa na kutowezekana. Tarehe 15 Aprili, 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikazamisha vyombo bandarini na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwezi kama huo mwaka 1952, kimbunga kingine kiliupiga mji wa Lindi na kusababisha vifo.

Tahadhari inavyoandaliwa

Ufuatiliaji wa vimbunga katika eneo hili huratibiwa kimataifa na kituo maalumu kilichopo kisiwa cha La Réunion, chini ya utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. TMA huchukua taarifa za kituo hicho pamoja na picha za satelaiti, vipimo vya vituo vyake, rada za hali ya hewa ikiwemo ya Mtwara, na matokeo ya mifumo ya kompyuta, kisha huandaa taarifa inayohusu Tanzania. Jukumu hilo limewekwa na Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania Na. 2 ya mwaka 2019.

Taarifa hizo hutolewa kwa ngazi tatu. Angalizo huoneshwa kwa rangi ya njano, Tahadhari kwa rangi ya chungwa na Tahadhari Kubwa kwa rangi nyekundu. Kila taarifa hutaja pia mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyapita haraka: uwezekano wa tukio kutokea na kiwango cha athari zinazotarajiwa. Tukio lenye uwezekano mdogo linaweza kutangazwa kwa sababu tu athari zake, likitokea, zitakuwa kubwa.

Usahihi na mipaka yake

Ugumu wa kutabiri hutegemea aina ya tukio. Nchini Marekani, tonado, yaani kisulisuli kikali kinachoshuka kutoka kwenye wingu la radi, huweza kuzaliwa na kutoweka ndani ya dakika chache. Tahadhari zake huwafikia wananchi kwa wastani wa dakika kumi na chache kabla, na takribani saba kati ya kila kumi hazifuatiwi na tonado. Kimbunga cha kitropiki ni tofauti. Huonekana kwenye satelaiti siku kadhaa kabla ya kufika nchi kavu, hivyo ni nadra kutokea ghafla pasipo taarifa. Kinachobaki kuwa kigumu ni kujua kwa hakika mahali kitakapotua na nguvu kitakayokuwa nayo.

Kenneth ilionesha ugumu wa kwanza. Kilitua umbali usiofikia kilomita 250 kutoka mjini Mtwara. Kwa mfumo wenye upana wa mamia ya kilomita, mchepuko mdogo wa njia ungetosha kubadili hatima ya mji huo. Ugumu wa pili ulionekana Aprili 2021, Kimbunga Jobo kilipokuwa kikielekea pwani ya Tanzania. Kilipungua nguvu kikiwa bado baharini na kufika pwani kikiwa mabaki tu ya mfumo huo.

Kimbunga Hidaya kilitoa funzo la tatu. Tarehe 4 Mei, 2024 kilifika katika Kisiwa cha Mafia, kikapungua nguvu, na TMA ikatangaza kuwa tishio la kimbunga hicho limekwisha. Lakini ardhi ilikuwa tayari imeshiba maji ya mvua za El Niño, ambazo kwa mujibu wa taarifa ya Serikali bungeni mwishoni mwa Aprili zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155. Mvua iliyoambatana na Hidaya ilikata barabara kuu ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara katika maeneo ya Wilaya ya Kilwa, na mikoa ya kusini ikakosa kwa muda njia yake kuu ya usafiri. Upepo ulikwisha kabla ya maji.

Kutoka kwa mtabiri hadi kwa mwananchi

Utabiri sahihi usiomfikia mhusika hauokoi mtu. Sheria ya Menejimenti ya Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya Taifa, mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa. Kwa upande wa Zanzibar, jukumu hilo lipo chini ya Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Kamati za ngazi ya chini ndizo zinazojua nyumba zilizo mabondeni, wazee wasioweza kutembea na wavuvi waliolala dago mbali na mtandao wa simu. Redio, vikundi vya wavuvi, misikiti na makanisa hubaki kuwa njia muhimu pale ambapo ujumbe wa simu haufiki.

Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2027 kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa tahadhari ya mapema.

Mambo ya kuzingatia

Wananchi wanashauriwa kusoma tarehe na saa ya taarifa kabla ya kuisambaza, kwani taarifa ya jana huenda imekwisha kubadilishwa. Kuangalia mikoa iliyotajwa na athari zinazotarajiwa. Kupokea taarifa kutoka TMA na mamlaka za maafa pekee. Na kutorejea mabondeni au baharini hadi mamlaka husika ziseme kuwa mvua na mawimbi navyo vimetulia.

Tahadhari iliyopita bila madhara haipunguzi uzito wa inayofuata. Mwaka 2019 familia zilizohama Mtwara zilirejea kwenye nyumba zao zikiwa salama, wakati ng'ambo ya Mto Ruvuma wengi hawakuwa na nyumba za kurejea.