Kipanya: Kubofya Mara Moja na Kubofya Mara Mbili

Leo nawasalimu hasa wanafunzi wa darasa la Sakina, kwa sababu somo hili limetokana na jambo lililotokea huko kwenu.

Mama mmoja wa darasa hilo alikwenda katika duka la kuchapa karatasi, kando ya barabara ya Namanga. Alitaka kuchapa hesabu za kikundi chake cha kuweka na kukopa. Akakishika kipanya, ambacho wengine hukiita mausi, akabofya picha ya faili mara moja, akangoja. Faili haikufunguka. Baada ya kitambo akabofya tena, nayo ikabaki vile vile. Kijana wa duka akacheka, akasema, "Bibi, mambo haya si ya rika lako." Mama akatoka bila karatasi zake, na juma zima hakuja darasani.

Habari hiyo ilinichoma. Basi sikilizeni kanuni hii ilitoka wapi, maana haikushuka kutoka mbinguni.

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa Marekani mwaka 1964. Bwana Douglas Engelbart alikibuni, na Bwana Bill English akakiunda. Kilikuwa kijisanduku cha mti chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Tarehe 9 Desemba 1968 kilionyeshwa mbele ya mkutano mjini San Francisco. Tanzania nasi tulikuwa na kompyuta, maana ya kwanza ililetwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini kompyuta za siku hizo zililishwa kadi zilizotobolewa matundu. Mwaka 1974 Serikali ikakataza kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo mabishano yaliyofuata hatukuwamo.

Walibishana juu ya idadi ya vitufe. Kampuni ya Xerox iliweka vitatu katika kompyuta yake ya Alto ya mwaka 1973. Katika Star, ya mwaka 1981, iliweka viwili, na kwenye kibodi ikatia kitufe maalumu cha kufungulia: unachagua kwa kipanya, kisha unabonyeza kitufe hicho. Mimi naona huo ulikuwa utaratibu wa kiungwana. Kampuni ya Apple, ilipotoa kompyuta ya Lisa mwaka 1983, ilibakiza kitufe kimoja tu, ili mgeni asichanganyikiwa. Lakini kitufe kimoja kilikuwa na kazi mbili, kuchagua na kufungua. Wakaamua kwamba kubofya mara moja ni kuchagua, na mara mbili upesi ni kufungua. Ni kama dukani: kwanza unaonyesha kwa kidole, "ile pale"; kisha unasema, "nipe." Macintosh ya mwaka 1984 ikafuata desturi hiyo, na Windows vilevile.

Sasa, mashine itajuaje kwamba umebofya mara mbili? Hupima muda. Katika Windows kipimo cha kawaida ni nusu ya sekunde. Ukichelewa kupita hapo, huhesabu kwamba umechagua, kisha umechagua tena. Na mkono ukitikisika, faili huburutwa mahali pengine. Basi mama yetu hakukosa akili. Kidole chake kilichelewa kuliko kipimo kilichowekwa na watu wasiomjua.

Hata mafundi wenyewe hawajapatana. Katika kurasa za intaneti mbofyo mmoja unatosha. Windows 98 iliruhusu mtu kuchagua mmoja au miwili. Programu ya KDE ilifungua faili kwa mbofyo mmoja kwa miaka mingi, na mwaka 2024 ikageukia miwili. Simu zetu nazo hufungua kwa mguso mmoja, ndiyo maana vijana wengi wanaoanzia simu hukwama vilevile mbele ya kompyuta, ingawa hakuna awachekaye.

Mama amekwisha rudi darasani. Mwalimu wake alifungua mipangilio ya kipanya katika Windows, akausogeza mwendo wa mbofyo maradufu upande wa polepole. Siku ambazo kidole bado kinakataa, yeye hubofya mara moja, kisha hubonyeza kitufe cha Enter kwenye kibodi, na faili hufunguka.