Maktau: Stesheni Iliyozaliwa na Kiu

Stesheni nyingi za reli zilijengwa kwa sababu palikuwa na mji, au mazao, au angalau matumaini ya mazao. Maktau, katika kaunti ya Taita Taveta, ilijengwa mwaka 1915 kwa sababu ya kiu.

Vita Kuu vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani waliiteka Taveta. Kutoka huko vikosi vyao vidogo vilikuwa vikipenya nyikani usiku kwenda kuilipua Reli ya Uganda. Waingereza walitaka kuwarudisha nyuma, lakini kati ya Voi na Taveta ni nyika ya miiba, na jeshi halivuki nyika bila maji. Basi wakaamua reli itangulie. Vikosi vya reli vya jeshi la India pamoja na vibarua wa Kiafrika walianza kazi Voi mapema 1915, na Juni mwaka huohuo reli ikafika Maktau. Hapo ikapigwa kambi kubwa. Februari 1916 jeshi lilisonga hadi kilima cha Salaita, likapigwa vibaya tarehe 12. Mwezi uliofuata Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza, na reli ikaendelezwa mpaka Kahe, ikaungana na ile ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi. Mipaka ilikuwa ya mataifa mawili, lakini upana wa reli ulikuwa mmoja, mita moja tu, kwa hiyo kuunganisha hakukuwa na shida.

Baadaye njia hiyo ilibeba mkonge na abiria. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na Tanzania ikafunga mpaka, ikawa njia isiyokwenda popote.

Sasa, watu wakizungumzia kuhifadhi stesheni kuukuu huwa wanafikiria jengo: paa, dirisha la tiketi, kibao chenye jina. Mimi kwa Maktau jengo ningelitazama mwisho. Thamani iko ardhini, tena iko katika mpangilio. Reli ilipita wapi, mahandaki yalichimbwa upande gani wake, maji yalihifadhiwa wapi, makaburi yako umbali gani. Reli yenyewe ni hati: ubavuni huwa na chapa ya kiwanda na mwaka, ukiisoma unajua ilitengenezwa lini. Hata ganda la risasi lina chapa kitakoni. Lakini mtu akishaliokota na kulitia mfukoni bila kuandika lilikuwa wapi, limebaki kipande cha shaba tu, pambo la mezani.

Na kwa nini ardhi, wakati vita hivi viliandikiwa vitabu chungu nzima? Kwa sababu karatasi ilichagua watu wake. Maktau kuna makaburi ya kijeshi yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Wapagazi waliobeba mizigo pale reli ilipoishia, jina lao la pamoja tunalitamka kila siku bila kufikiri: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zinatokana na Carrier Corps. Majina yao mmoja mmoja ndiyo hayapo. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Fasihi nayo imepita njia hii. M.G. Vassanji, katika *The Book of Secrets* ya 1994, alianzia kwenye shajara ya ofisa wa Kiingereza katika mji mdogo wa mpakani huku huku. Ni riwaya nzuri sana, na hila yake ni kwamba shajara haisemi yote. Mpagazi hakuacha hata shajara ya kuficha siri. Aliacha tuta la reli, jiko la mawe, kopo lililotobolewa. Alama ndogo hizo greda moja tu la barabara linazifuta asubuhi moja.

Sheria haisaidii vile ungedhani. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ya 2006 inapotaja vitu vya kale inatumia mwaka 1895 kama kikomo. Mahali pa 1915 hapalindwi kwa umri wake. Sharti waziri apatangaze kuwa mnara wa kitaifa. Wakati huohuo chuma kina bei. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, kisha ikairuhusu tena. Kama nguzo yenye umeme inafunguliwa nati, sembuse taruma la chuma lililolala nyasini na halina anayeliulizia.